Talaka Aliyoiweka Juu ya Taa

Katika uchaguzi wa mwisho kabla ya uhuru, mume wangu aliiweka ndoa yetu juu ya mgombea mwenye alama ya taa. Hakuniuliza. Nilipata habari kwa jirani yangu nikiwa nachuja tui, naye alinieleza pole pole, akiniacha nimalize kwanza tui la kwanza.

Tulikaa Likoni, si mbali na kivuko. Mume wangu alikuwa seremala wa vitanda, na karakana yake ilipakana na baraza ya muuza kahawa. Wanaume walikusanyika pale kila siku baada ya sala ya alasiri wakabashiri nani atachukua kiti chetu. Wagombea wenye nguvu walikuwa wawili. Wa taa alikuwa mtu mrefu, aliyewahi kuwa karani bandarini, na sauti yake ilisikika mpaka ng'ambo. Wa baiskeli alikuwa mwalimu wa shule, mfupi, mwenye sauti ya kuomba radhi. Alama hizo ziliwekwa kwa ajili ya sisi tusiojua kusoma, lakini hata waliojua kusoma hawakuwaita kwa majina tena.

Kamari ni haramu na watu wa pale barazani walikuwa wacha Mungu, kwa hiyo hawakuweka pesa. Waliweka nazi. Aliyekosea kubashiri alimpa mwenzake nazi, nayo ikaitwa zawadi. Mwanzoni taa na baiskeli zilikwenda sawa, nazi moja kwa nazi moja, na muuza kahawa aliandika ukutani kwa mkaa nani amemuahidi nani zawadi.

Kisha mume wangu akapewa kazi ya kuunda jukwaa la mkutano wa taa. Siku ya mkutano alisimama nyuma ya jukwaa lake kuangalia kama litahimili, na kutoka pale akaona watu mpaka macho yakamchoka. Hakuzingatia kwamba kulikuwa na ngoma, na pilau ya bure, na kwamba nusu ya watu wale walikuwa wametoka Kisauni na Changamwe, ambako walikuwa na viti vyao vya kupigania. Alirudi barazani akasema taa imeshinda. Mtu mmoja akamwambia kuona watu si kuona kura. Mume wangu hakupenda kusahihishwa mbele za watu. Akasimama akasema, "Wallahi, taa isiposhinda, mke wangu kaachika!"

Baraza ikaanza kufikiri. Mtu hawezi kumweka mkewe kwa jambo asilolijua, walisema. Huyu ameunda jukwaa, lazima amesikia siri. Kabla ya magharibi, aliyeweka nazi moja kwa baiskeli alikuwa akiahidiwa nne. Wale watu wote walimjua mume wangu kwa miaka mingi, na bado walifikiri hivyo.

Sasa nieleze hesabu ya nyumbani. Mume wangu alikuwa ameshaniacha mara mbili. Ya kwanza ilikuwa kwa sababu nilikwenda harusini Changamwe bila kumuaga. Alinirudia siku ya nne. Ya pili ilikuwa kwa sababu ya mbuzi wangu aliyekula kofia yake ya Idi. Akanirudia kabla mbuzi hajamaliza kucheua. Talaka ni tatu. Alikuwa amebakiwa na moja, nayo haina kurudiana hivi hivi: mke hutoka, huolewa na mwingine, na mpaka huyo mwingine naye amwache au afe ndipo yule wa kwanza aweze kumposa tena.

Aliporudi jioni nilimwekea chakula nikamwuliza.

"Bwana, ni kweli uliyoyasema barazani?"

"Nimesema kwa kuwa najua."

"Na ikiwa hujui?"

"Najua, mke wangu. Hebu nipe pilipili."

Nilimpa pilipili. Nilikuwa na hasira, na nilimpenda. Nasema wazi, maana watu hudhani mwanamke wa zamani hakuwa na habari na mambo hayo. Alikuwa mcheshi, alikuwa mkaidi, na tulipokula samaki kichwa alinisukumia mimi bila kuonyesha kwamba anafanya hivyo. Nilitaka kubaki naye.

Asubuhi nilijitanda buibui nikaenda kwa mwalimu wa chuo cha Kurani, mzee aliyekuwa akiulizwa mambo ya ndoa na mirathi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nimeshasikia."

Likoni nzima ilikuwa imeshasikia. Nilimwuliza kama maneno ya barazani, yaliyosemwa kwa ubishi tu, yana uzito. Alifikiri sana, akakohoa.

"Aliyatamka akiwa na akili zake?"

Hili lilinichukua muda kulijibu. "Ndiyo, mwalimu."

"Basi ameitundika talaka. Taa ikishinda, hapana kitu. Isiposhinda, itashuka yenyewe, atake asitake. Hawezi kuirudisha mdomoni. Muombe Mungu, mwanangu, na uwaombe na watu."

Nikawaomba watu. Nilipita nyumba kwa nyumba, jikoni kwa jikoni, nikimpigia debe mgombea wa taa. Yeye aliahidi daraja la kutuvusha mpaka kisiwani. Wa baiskeli aliahidi bomba la maji. Mimi nilikuwa nikichota maji kisimani tangu nina miaka saba, na bega langu la kulia limeshuka kuliko la kushoto mpaka leo. Lau ningeachiwa akili yangu ningeipa baiskeli kura mbili. Badala yake nilikaa kwenye vibao vya mbuzi vya wenzangu, nikiwasaidia kukuna nazi, nikisifu daraja.

"Dada, mimi nataka maji," jirani yangu alinambia.

"Hata mimi nayataka. Lakini nataka na mume."

Alinitazama kwa huruma. "Nitaona," alisema. Wengi walisema wataona. Mmoja aliniambia moja kwa moja kwamba mumewe ana nazi hamsini kwa baiskeli, na kwamba ananipenda kama nduguye, na kwamba nazi hamsini ni nazi hamsini.

Siku ya kura nilifika shuleni jua halijachomoza sawasawa, na foleni tayari ilikuwa imezunguka uwanja. Nilisimama mpaka miguu ikavimba. Zamu yangu ilipofika nilipewa karatasi, nikaingia nyuma ya pazia. Sikuwa nimewahi kuwa mahali ambapo hapana mtu anayeniona, wala mama mkwe, wala mtoto, wala mume. Niliitazama baiskeli kwa muda. Nikatia alama kwenye taa, nikaikunja karatasi, nikatoka nikilia, na karani akadhani nimefurahia uhuru.

Siku ya pili, karibu na adhuhuri, gari la vipaza sauti lilipita barabarani. Baiskeli ilikuwa imeshinda, tena kwa mbali sana. Nilisikia watu wakishangilia maji. Baada ya sala, yule mwalimu wa chuo alipita karakanani, akamwambia mume wangu kwamba imeshuka, na kwamba nyumba niachiwe mimi mpaka eda yangu iishe.

Alikuja kuchukua vitu vyake. Hakuingia. Alisimama nje akabisha hodi, yeye aliyekuwa akiingia akiniita tangu njiani. Uso wake ulikuwa umemshuka, na vumbi la mbao lilikuwa bado kwenye kope.

"Ulipigia taa?" aliniuliza.

"Nilipigia taa. Nawe?"

Akaitazama mikono yake.

"Foleni ilikuwa ndefu," alisema. "Na mimi nilikuwa na hakika."

Nilivuta kanga nikajifunika kichwa, kama nifanyavyo mbele ya mwanamume yeyote asiye wangu, nikamtolea godoro lake.