Nehemiya na Mashine ya Tatu

Nehemiya ni jirani yangu hapa kambini Nakivale, Uganda, nyumba ya pili kutoka kwetu. Alifika mwaka 1998 akiwa na fimbo ya kuchungia, bila ng'ombe. Kompyuta alijifunza mjini Mbarara akiwa mtu mzima, na tangu hapo ndiye aliyetunza mashine tatu za chama chetu cha watu wa Kivu ya Kusini, Kongo.

Mashine hizo ziliunganishwa kwa waya, na kila moja ilifunikwa kitambaa kilichofumwa na akina mama wa kanisa. Mbili zilikaa ukumbini. Ya tatu ilikaa na printa katika chumba cha mwenyekiti, Mzee Rwakabuba. Ndani ya mashine hiyo kulikuwa na daftari la waliopotea: watu mia sita na kumi na mmoja waliotutoka njiani tulipokimbia, kila mmoja na habari zake kama ndugu zake walivyozieleza. Tuliona maneno ya namna hiyo yanastahili kukaa kwa mzee. Hakuna aliyefikiri kuyaweka na mahali pengine.

Mimi nilimpa Nehemiya jina la dada yangu, Isimbi. Nilieleza mara moja tu, nikitazama mikono yangu, naye akaandika.

"Haitapotea, ndugu," aliniambia.

Mwanzoni mwa 2009, siku ya Jumatatu, alikwenda Mbarara kutafuta wino wa printa. Kwa fundi Akram alikuta kompyuta zimepangwa hadi mlangoni: za shule, za zahanati, za chama cha maziwa.

"Zote hizi zimekufa?" aliuliza.

"Zimeingiliwa, ssebo," alisema Akram. "Windows iko na tundu. Wenyewe wenye kuitengeneza walitoa kiraka ya kuiziba mwaka jana, lakini nyinyi munazima apdeti, munaogopa itakula data ya modemu. Sasa virusi iko inapita kwa hiyo tundu, kwa waya tu. Hapana ngoja mtu abonyeze kitu."

Apdeti za chama Nehemiya alizizima kwa mkono wake.

"Uko na mashine ngapi?"

"Tatu."

"Chukua hii CD. Weka kiraka kwa zote tatu, leo leo. Ukiacha moja, hujafanya kitu."

Alirudi alasiri, akaweka kiraka kwenye mashine mbili za ukumbini. Kisha akasimama mlangoni kwa mzee. Mzee alikuwa mjini Endiinzi kwenye mazungumzo ya mahari ya mpwa wake, na angerudi Alhamisi. Katibu wetu, Kabanyana, aliyekuwa na ufunguo, alikuwa akiingia humo kuchukua karatasi printani.

"Ingia basi," alimwambia.

"Nifunue kitambaa cha muzee, yeye hayuko? Hapana, dada. Tungoje arudi."

"Si ulisema Akram anataka leo?"

"Akram hana muzee."

Kabanyana alicheka. "Haya, mulinzi wa kitambaa. Umupigie basi simu."

"Katikati ya mahari? Nimusumbue juu ya mashine?"

Mashine ya tatu ikaachwa inawaka, na waya wake, kwa sababu kazi zote za kuchapa zilipitia humo.

Jumatano akaja Mchungaji Appolinaire kutoka Mbarara, na laptopu yake, kuchapa ratiba ya semina. Nehemiya alijikaza akauliza.

"Mutumishi, hiyo laptopu iko na kiraka?"

"Mimi kiraka ninacho kwa suruali tu," alisema Appolinaire, na ukumbi mzima ukacheka.

Nehemiya aliona haya. Mgeni hanyimwi kitu kwetu. Akampa waya.

Alhamisi asubuhi mashine mbili za ukumbini ziliwaka kama kawaida. Ya mzee, isiyo na kiraka, ilizunguka tu bila kufunguka. Ilipokubali kufunguka, daftari lilikuwa mistari ya alama zisizosomeka. Akram alihangaika nayo siku nne, akarudisha majina mia mbili. Majina matupu, bila habari.

Nehemiya alimweleza mzee yote akiwa amesimama, hakuficha kitu. Mzee akakichukua kile kitambaa, akakikunja.

"Hiki ni cha vumbi, mwana wangu," alisema. "Mimi hakinifuniki."

Nehemiya aliniambia afadhali angetukanwa.

Tangu siku hiyo kiraka kikitoka anakiweka saa hiyo hiyo, mzee awepo asiwepo, na hakuna laptopu ya mgeni inayoguswa na waya wetu kabla hajaikagua. Wengine wanamwita mtu wa dharau. Lakini daftari ilibidi alianze upya, nyumba kwa nyumba. Modeste, aliyekuwa ametoa majina tisa, alikwisha kufa, na hapakuwa na mtu mwingine wa kuyaeleza.

Akafika na kwangu.

"Ndugu, nimekuja juu ya Isimbi."

Nilimpa jina. Nilimpa mwaka, 1996. Nilimwambia blauzi yake ilikuwa ya kijani. Yale mengine niliyoyasema mara ya kwanza hayakutoka. Alingoja, kalamu ikiwa juu ya karatasi, hakunihimiza. Mke wangu alileta chai, ikapoa.

Mwishoni aliruka nusu ya ukurasa, akaandika jina la nyumba inayofuata.

"Nimeacha fasi," alisema, akatoka.

Ile nafasi bado iko tupu.