Rangi ya Lori la Marehemu

Nakumbuka mchana mmoja pale Kahama, miaka ya tisini, mikono ilivyonitetemeka hadi nikaweka chini bomba la kupulizia rangi. Usicheke, mwanangu. Nilikuwa kijana fundi rangi wa magari, mdomo mrefu kuliko kazi yangu, lakini siku ile niliogopa kweli.

Mbele yangu alikaa Mama Nasreen, mjane wa mfanyabiashara aliyekuwa akisomba tumbaku kutoka Ushetu. Mezani palikuwa na lori dogo la plastiki, yale ya kuunganisha vipande kwa gundi. Mumewe alimaliza kuliunganisha, akafariki kabla ya kulipaka. Mama alitaka liwe la bluu kama lori lao la tumbaku. Nikiliharibu, hakuna wa kumtengenezea lingine, maana aliyelitengeneza yuko kaburini.

Rangi ya gari ilikuwa tayari, nimeshaichanganya na thina, kile kimiminika kikali cha kuyeyushia rangi. Rangi ile inang'aa, na inakauka upesi. Lakini sikuthubutu kulipulizia.

"Samahani, mama," nikasema. "Plastiki hii siijui. Hakuna kipande kilichobaki?"

Alifungua mkoba wake. Akatoa fremu ya plastiki, ile ambayo vipande vilikuwa vimeshikana nayo kabla mumewe hajavinyofoa.

"Hata hii aliishika yeye," akasema. Akavunja kipande kidogo, akanipa.

Nikapuliza. Plastiki ikajikunja, ikalainika, ikaninata kidoleni. Mama akapiga kelele, akalikumbatia lori. Akaondoka nalo, akaniachia fremu.

Nikajaribu rangi nyingine kwenye fremu ile. Ya maji, ile ya ukutani, ilipokauka ilibanduka kwa ukucha. Ya mafuta, tunayopakia milango, niliipaka nyembamba kwa brashi, na kesho yake ilikuwa imeshika. Nilijua atatafuta fundi mwingine. Lakini alirudi, akanikabidhi lori.

"Kwa nini mimi, mama?"

"Wewe uliogopa. Nitampata wapi mwingine wa kuogopa pamoja nami?"

Nikalipaka bluu kwa rangi ile ya mafuta, na halikuharibika. Sasa wewe una ndege yako ya plastiki, unaulizia rangi inayong'aa. Mwanangu, jaribu kwanza kwenye fremu, usubiri ikauke, ndipo uguse ndege. Na mkono ukitetemeka usiuonee haya. Weka brashi chini, uulize. Mimi mpaka leo naogopa kila nikifungua kopo. Mungu akulinde, na akupe watu wa kukukabidhi vitu vya mwisho walivyoachiwa na wapendwa wao.