Mgeni Ndani ya Kibuyu cha Eedo

Niliporudi Garissa kutoka Mandera, nilimkuta eedo, dada wa baba, amekaa mbele ya kibuyu chake kama aliyefiwa. Susa yake, maziwa ya ngamia ya kuchachusha, ilikataa kuchachuka. Harusi ya binti yake ni Ijumaa, na wakwe walikwisha kuahidiwa susa ya mkono wake.

"Siku uliyopiga simu kwamba unakuja," akaniambia, "ndiyo siku ilipoanza kugoma."

Mtaani kwetu wanawake hugawana mbegu ya susa, ile kidogo ya jana inayochachusha ya leo. Basi akaomba kwa jirani. Ikagoma. Jirani wa pili naye, vilevile.

Dada yangu, mwalimu wa biolojia, akachuchumaa akachora mchangani kitu chenye kichwa, mkia na miguu ya buibui.

"Eedo, nadhani ni huyu. Kirusi kinachoshambulia bakteria. Kinatua kwenye bakteria inayochachusha, kinatoboa ukuta wake, kinaingiza DNA yake. Ganda linabaki nje."

"Halafu?"

"Bakteria inasahau kazi zake. Inanakili DNA ya mgeni, inaunda vichwa na mikia, inapakia DNA katika kila kichwa. Vikijaa, inapasuka, vinatoka kutafuta nyingine."

Eedo akafikiri. "Yaani mgeni anaingia kwangu, ananifanya nimlelee watoto, halafu ananibomolea nyumba?"

"Ndiyo."

"Huyo namjua," akasema, akinitazama mimi na mfuko wangu. Dada akacheka hadi akakaa chini.

"Na nyinyi kwa kugawana mbegu mmemtembeza nyumba kwa nyumba," dada akasema. "Ila anachagua. Bakteria za mbali huenda asiziweze."

Mbali! Nikavaa viatu kabla hajamaliza. Nilipanda lori la kwenda Sangailu, mbali huko kwa jamaa zetu wafugaji, nikiimba juu ya magunia kama kijana. Huku nyuma eedo alimwaga susa yote, akachemsha vyombo na kufukiza vibuyu upya.

Nilirudi Alhamisi na mbegu ndani ya chupa, nimeikumbatia kama mtoto mchanga. Asubuhi ya harusi eedo akafungua kibuyu, akanusa, akaonja. Akafumba macho kwa uchachu wake.

"Imechachuka, alhamdulillahi," akasema, akanijazia kikombe. "Kunywa, kirusi. Kesho nadhani unaondoka."

Nilitaka kusema bado nipo, lakini mfuko wangu alikwisha kuuweka mlangoni.