Nusura Minnesota Ininyime Mke

Nikiri mapema tu, jamani, kwamba mimi Daudi, muuza dawa za mifugo pale Ikungi, mtu mzima mwenye ndevu, nusura nikose mke kwa sababu ya jimbo la Marekani ambalo sijawahi kufika na wala sitarajii kufika. Wakati ule nilitamani nihame mkoa. Siku hizi jambo hilo nalisimulia kama lilimpata mtu mwingine, ila mke wangu akinisikia anatoka nje.

Naomi nilimpata Singida mjini, lakini kwao ni Kinyangiri. Baba yake ni mwalimu mstaafu, watu wote wanamwita Mwalimu, hata wasiofundishwa naye. Nilipomwambia nataka kupeleka posa, Naomi akanionya. "Baba usimguse kwa siasa za hapa nchini. Yeye na baba mdogo walinuniana miaka sita kwa ajili ya uenyekiti wa kijiji. Siku hizi anaongelea chaguzi za mbali tu, hasa za Marekani anazozisikia redioni." Basi mimi, badala ya kusema sawa nikanyamaza, nikasema, "Mbona hata mimi nazifuatilia sana!" Uongo mtupu. Nilikuwa sijui hata wana majimbo mangapi. Naomi akafurahi, akampigia baba yake simu palepale, na kwa maneno yale matano nikawa mtaalamu wa uchaguzi wa Marekani mpaka kwao, wilaya ya Mkalama.

Ilibidi nijifunze. Rafiki yangu Juma ana steshenari inayopakana na duka langu, nikamwomba anitafutie kwenye kompyuta habari za chaguzi zao za zamani anisomee kidogo kidogo. Sasa siku aliyochagua kunisomea ilikuwa siku ya mnada, mteja mmoja ananiuliza dawa ya minyoo ya mbuzi, mwingine anataka ya kupe, jenereta la Juma linanguruma, na yeye anapaza sauti kutoka mlangoni kwake kwamba mwaka fulani majimbo yote yalimpa rais aliyekuwa madarakani isipokuwa moja, na mwaka mwingine ikatokea hivyo hivyo, isipokuwa jimbo jingine. Nilisikia Minnesota, nikasikia Massachusetts (yote yanaanza na M, na mimi nilikuwa napima dawa), nikaona inatosha. Nilijiambia mzee mwenyewe atauliza nini zaidi ya hapo.

Siku ya posa tulikwenda watu wanne, mshenga akiwa mjomba wangu Elia, mtu mpole anayejua kuongea na wakwe. (Kwetu mwenye kuoa mara nyingi hata haendi, lakini Mwalimu alitaka anione kwa macho.) Nilivaa suti. Tulikuta wamejaa uani, baba wakubwa, baba wadogo, mashangazi kwenye mikeka, nikatoa shikamoo mpaka shingo ikauma. Mjomba akaeleza shida yetu vizuri, barua ikapokelewa, ikasomwa, watu wakaitikia kwa vichwa. Mimi kazi yangu ilikuwa moja tu, kukaa kwenye kiti na kufunga mdomo. Mjomba alikuwa ameniambia hivyo njiani mara tatu.

Mwalimu akanigeukia kwa tabasamu. Nadhani alitaka tu kunitoa wasiwasi. "Kijana, nasikia na wewe ni mpenzi wa chaguzi za Marekani. Haya, miaka ya themanini, rais wao aligombea kwa mara ya pili. Minnesota walimpa yeye au walimpa mpinzani wake?"

Mjomba akanikanyaga mguu. Nikasema, "Walimpa aliyekuwa madarakani, Mwalimu. Jimbo lililomkataa lilikuwa moja tu, Massachusetts."

Mwalimu akakuna kidevu. "Una hakika?"

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi, ndugu zangu. Ningesema labda nimechanganya, wangecheka, chakula kingeletwa, na leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini Naomi alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni na sinia mkononi, ananiangalia kwa kujivunia, nami nikasema, "Asilimia mia, Mwalimu."

Hakubisha. Aliingia ndani akatoka na daftari la jalada gumu, limechakaa, akalifungua juu ya mapaja yake. Ndani alikuwa amechora ramani ya Marekani kwa mkono, kila jimbo na jina lake, yote yamepakwa penseli isipokuwa moja juu kule katikati lililoachwa jeupe. Alikuwa mwalimu kijana wakati ule, akasema, anasikiliza redio za nje za Kiswahili, na asubuhi akawachorea wanafunzi ubaoni. "Hili jeupe ni Minnesota. Mpinzani alikuwa mtoto wao. Nchi nzima ilimwacha, ukiondoa mji mkuu wao, lakini kwao hawakumwacha. Nililipenda sana jimbo hili." Aliongea taratibu, kama mtu anayeonyesha picha ya marehemu ndugu yake.

Na mimi nikasema (naomba mnisamehe, sijui maneno yale yalitokea wapi), "Mwalimu, hizo redio za zamani nazo zilikuwa zinakosea sana."

Shangazi mmoja akasema kitu kwa Kinyiramba, wenzake wakafunika midomo kwa khanga. Mimi Mnyaturu, sikukielewa, lakini hakikuwa kitu kizuri. Baba mdogo mmoja, yule yule waliyenuniana miaka sita, akasema kwa ukali, "Kijana anasema kaka yangu alifundisha uongo. Basi athibitishe."

Nikatoa simu. Intaneti ikazunguka, ikazunguka, hakuna kitu. Nikaambiwa mtandao unapatikana juu ya kichuguu nyuma ya zizi. Nikaenda. Wakanifuata wote, wazee kwa wake zao, mjomba Elia nyuma kabisa kama mtu anayesindikiza jeneza. Nikapanda kichuguu na suti yangu, intaneti bado ikakataa, lakini nikapata alama mbili za kupiga simu, nikaona Mungu si Athumani, nikampigia Juma. Na ili wote wasikie ushahidi, nikaweka sauti ya nje.

"Juma, kaka, hebu waambie hapa, Minnesota miaka ya themanini walimpa nani?"

Juma akacheka kwa sauti iliyofika hadi kwa mbuzi. "Wewe Daudi, umeshasahau tena? Minnesota walimpa mpinzani! Massachusetts ni uchaguzi mwingine, wa nyuma kabisa! Si nilikwambia ukariri vizuri, utaumbuka kwa yule mkweo mbishi wa redio? Umeshamdanganya au bado?"

Nilibonyeza kukata simu, nikabonyeza pasipo penyewe, Juma akaendelea. "Haloo? Daudi? Mzee yupo karibu nini?"

Hakuna aliyecheka. Wangecheka ingekuwa nafuu. Nilishuka kwenye kichuguu, nikasema, "Samahani, Mwalimu," naye akasema, "Twendeni, chakula kinapoa." Tukala kuku na ugali tukiangalia sahani. Naomi hakutoka tena jikoni. Tulipoaga, Mwalimu akamwambia mjomba kwamba barua wameipokea, lakini majibu tuyasubiri kwanza mpaka alizeti ivunwe. Ilikuwa ndiyo kwanza inapandwa.

Naomi hakupokea simu yangu siku tisa. Siku ya kumi akapokea akasema sentensi moja, "Baba hakukasirishwa na Minnesota," akakata. Nilikaa dukani na sentensi ile wiki nzima. Halafu nikafunga duka siku ya kazi, nikaenda Kinyangiri peke yangu, bila suti na bila mshenga.

Nilimkuta Mwalimu anarekebisha mlango wa banda la kuku. Nikamwamkia, nikamshikia ubao, naye akapigilia misumari miwili.

"Baba," nikamwambia, "nilikuwa sijui chochote. Nilitaka unipende."

"Hilo nililijua tangu jibu la kwanza," akasema. "Kukosea si neno. Nilikuuliza una hakika, nikakupa nafasi. Ukaona heri mimi niwe muongo mbele ya ndugu zangu kuliko wewe useme sijui. Sasa mimi ni mzee, nimevumilia. Siku mtoto wenu anachemka homa, Naomi anasema twende hospitali, na wewe umeshasema ni mafua tu, utamsikiliza?"

Nikasema, "Sijui, baba." Na kweli nilikuwa sijui, jambo hilo lilinitisha kuliko kichuguu na simu na mashangazi wote wale.

Akaniomba nimpe msumari.

Alizeti ilipovunwa tulikwenda tena, mjomba akaongea, mimi nikanyamaza kama gunia, wakakubali. Tuna mtoto mmoja sasa. Mwaka jana alipata homa mchana, mimi nikawa na uhakika kabisa ni meno, Naomi akasema hapana, nikafunga duka na wateja wakiwa ndani tukaenda hospitali. Ilikuwa malaria, na daktari akasema tumewahi. Juma bado ni rafiki yangu, ila simpigii simu mbele ya watu. Nanyi mkiniona mahali najibu swali nisiloulizwa, au naulizwa nina hakika nami nasema asilimia mia, nawaomba kwa jina la Mungu mnikanyage mguu, na mkanyage kwa nguvu kuliko mjomba Elia.