Mama Wakwe Wawili, Chumba Kimoja

Kwetu, binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba. Watu husema ni heshima, na ni kweli, ila hakuna aliyenionya kabla ya kuolewa kwamba siku moja nitajifungua mama mkwe. Binti yangu ana miaka miwili na kitu. Baba yake humwita Mami, majirani zetu wa Mugutha humwita Mami, nami nimesalimu amri. Akimwaga uji kwenye kochi, mume wangu hapandishi sauti. Husema, "Mami, si ungetuonea huruma," kisha huenda kutafuta kitambaa. Nani amewahi kumkemea mama yake mzazi?

Yule mama mkwe mkubwa, tunayemwita Cucu, yaani bibi, anaishi Ngoliba na mbuzi wake. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika jicho la kulia, na la kushoto likawa linafuata, hata akaanza kusalimia nguzo za ua. Daktari wa Thika alitaka kumpasua haraka, asije akapofuka kabisa. Cucu hakutokea. Mara ya kwanza alisema mbuzi alikuwa anazaa. Tulipopanga siku nyingine, wiki chache baadaye, mbuzi yuleyule, kwa maelezo yake, alikuwa anazaa tena.

Mume wangu akaamua kwamba safari hii tutalala wote hotelini Thika, karibu na hospitali, ili mgonjwa asipate nafasi ya kutoroka. Mimi nikabaki na swali la yule mama mkwe mdogo, ambaye hajawahi kulala nje ya nyumbani. Nikasoma kwenye simu ushauri wote uliopo wa kumlaza mtoto hotelini. Inaonekana uliandikwa na watu ambao watoto wao si wazazi wa mtu. Hata hivyo ulikuwa na maana: beba shuka lake bila kulifua, ili harufu ya nyumbani imtulize, fanya chumba kiwe giza, fuata mambo yaleyale mnayofanya kila jioni.

Shuka nililifunga kwenye mfuko. Cucu, aliyekuwa amefika kwetu siku iliyotangulia, akalifungua, akalinusa, akalifua kwa sabuni ya kipande na kulipiga pasi. "Hao watu wa hoteli watasema sisi ni watu wa aina gani?" aliniuliza. Tulipofika hotelini alitandika upya vitanda vilivyokuwa vimetandikwa, akapangusa sinki, kisha akatoa chupa ya chai na nduma alizochemsha mwenyewe, maana chakula cha hoteli hujui kimeshikwa na nani. Nilinyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi ya mke wa mwana.

Jioni ilipoingia, mtoto aligundua kwamba kitanda cha hoteli kinarusha. Aliruka. Alipochoka kuruka aligundua swichi za taa. Huko chini baa ilikuwa imeleta mtu wa mugithi, zile nyimbo za Kikuyu za kuchezea baa, na gitaa lake lilipanda mpaka kwenye mito yetu. Mume wangu alijaribu. "Mami, nakuomba, lala kidogo tu," alisema, amekunja mikono kama aliyeitwa mbele ya baraza la wazee. Mami akamwambia hapana.

Cucu alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda cha pili, viatu miguuni, mkoba mapajani.

"Mnaona vile amekataa kulala?" alisema. "Huyo ni mimi. Roho yake imekataa hii maneno ya hospitali. Kesho mnirudishe kwangu."

Kwa zaidi ya miaka miwili mume wangu alikuwa ameuambia ulimwengu kwamba huyu mtoto ni mama yake. Angeanza vipi kukana sasa? Akasema anashuka kuwaambia wapunguze muziki, akatoka, na muziki haukupungua.

Nilikasirika. Jicho la mtu lilikuwa linapotea kwa sababu ya godoro linalorusha. Lakini mama mkwe hajibiwi, kwa hiyo nilizima taa, nikamlaza binti yangu kifuani na kufanya tunachofanya kila jioni nyumbani, kumweleza mambo ya kesho.

"Mami," nilianza, "kesho tutaamka, tutaoga, tutaenda kwa daktari akuangalie jicho."

"Jicho yangu?" mtoto aliuliza.

"Jicho lako. Na ujue umetusumbua sana, Mami. Umesingizia mbuzi. Umefua shuka ambalo halikutakiwa kufuliwa. Wewe ni mkaidi, na mimi nimechoka."

Lo, nilivyosikia raha. Miaka ya kunyamaza ilikuwa inatoka. Mtoto alipiga mwayo. Kwenye kitanda cha pili nikasikia kiatu kimoja kikianguka sakafuni, halafu cha pili.

"Na akilalishwa na hiyo dawa," Cucu aliuliza gizani, polepole, "akose kuamka?"

Ndipo nilipokumbuka kwamba babu, mume wa Cucu, aliingia hospitali akiwa anatembea, akalazwa kwa upasuaji, na hakuamka. Sote tulilijua hilo. Tulikuwa tumemweleza Cucu habari za daktari, gari na hoteli, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia atakachofanyiwa. Hasira iliniisha, nikaona aibu.

"Hawakulalishi, Mami," nilimwambia mtoto. "Wanatia ganzi jicho peke yake. Utakuwa macho, utamsikia daktari akiongea. Mimi nitakuwa hapo mlangoni. Ukitoka, mtu wa kwanza kumwona ni mimi."

Mkono wa mtoto ulikuwa umelegea shingoni mwangu, na pumzi yake imekuwa nzito.

"Amelala?" Cucu aliuliza.

"Amelala."

Alijinyoosha kitandani, akavuta blanketi. Mtu wa mugithi alimaliza wimbo mmoja akaanza mwingine.

"Endelea tu kumwambia," alisema.