Mwalimu Aliyeruhusiwa Kuondoka

Saa moja kasoro dakika kumi asubuhi, na ukungu wa Kitandililo, kata ya Makambako, bado haujaamua kuondoka. Nje ya mlango wa darasa la kwanza, Mwalimu Prisila Tweve anapuliza jiko la mkaa. Watoto thelathini na wanne wamepanga foleni mbele ya beseni la maji ya uvuguvugu. Kila mmoja anachovya mikono, anahesabu hadi ishirini kwa sauti, anajifuta na kuingia ndani.

“Kidole kilichokufa ganzi hakishiki penseli,” anasema bila kugeuka. “Nikimgombeza mtoto kwa mwandiko mbaya kabla sijampasha moto, ninamwonea tu.”

Makambako ina walimu wengi wa darasa la kwanza. Lakini inapofika Juni, darasa la Prisila lote linakuwa linasoma hadithi bila kusaidiwa. Mwandishi wa habari hizi hakuamini. Akampa gazeti binti mmoja wa miaka saba, Jasmine, ambaye alikisoma kichwa cha habari chote, neno kwa neno hadi mwisho, kisha akaonyesha picha na kuuliza, “Mbona huyu mzee amenuna?” Jamani!

Prisila ana miaka arobaini na mitatu, na kumi na sita kati ya hiyo ameimalizia kwenye shule hii binafsi ambayo jina lake tunalihifadhi. Katika muda huo ameaga wenzake arobaini na mmoja. Anawakumbuka kwa majina. Kuna mwaka darasa la nne lilibadilishiwa walimu watano wa Hisabati, na watoto wakaacha kabisa kuwauliza majina yao.

“Siyo mshahara uliowakimbiza,” anasema. “Wazee walisema, akufukuzaye hakwambii toka.”

Meneja wa shule wa wakati ule alikuwa na utaratibu wake. Mwalimu akiajiriwa, anakabidhi vyeti vyake halisi, navyo vinafungiwa kabatini ofisini, eti kwa usalama. Meneja aliamini kwamba mwalimu asiye na cheti mkononi hana pa kwenda. Alikuwa anajidanganya mchana kweupe. Waliokuwa na haraka waliondoka hivyo hivyo, wengine wakaenda kuripoti polisi kwamba cheti kimepotea, na kumbe kimelala hatua chache kutoka kwenye ubao waliokuwa wakifundishia!

Waliobaki walibaki kwa woga, na Prisila hafichi kwamba alikuwa mmoja wao.

Mwaka 2019 mama yake Prisila alilazwa hospitali ya Bulongwa, kule kwao Makete. Siku ya Jumanne Prisila alikwenda kuomba ruhusa. Meneja alimjibu mbele ya walimu wenzake: “Mgonjwa ana manesi, mwalimu. Wewe una darasa.” Prisila akarudi darasani. Alifundisha Jumatano, Alhamisi na Ijumaa. Jumamosi alfajiri akapanda basi.

“Nilipofika nilikuta watu wamekaa nje, wanawake wamejifunga kanga viunoni, wananitazama na hakuna anayenisalimia,” anasema. “Nikajua.”

Kisha anamrekebishia mtoto kola ya sweta na kuendelea.

“Nilirudi kufundisha kwa sababu cheti changu kilikuwa kabatini. Huo ndio ukweli. Watu walinisifu kwa uvumilivu, nami nilikuwa mfungwa.”

Walimu walizidi kupungua, wazazi wakaanza kuhamisha watoto, na mwishowe mwenye shule akamwondoa meneja huyo. Januari 2022 akaletwa mwalimu mkuu mpya, Kornelio Nyagawa, Mbena mrefu, mpole wa sauti. Katika kikao chake cha kwanza na walimu, hata kabla ya kujitambulisha vizuri, alifungua lile kabati. Akaita jina moja moja. Kila aliyeitwa alikabidhiwa bahasha yake kwa mikono miwili.

“Hiki ni chako, mwalimu. Utusamehe kilikaa kwetu. Anayetaka kuondoka aniambie, nitamsindikiza vizuri.”

Walimu wote kumi na wanne walizigeuzageuza bahasha zao mikononi. Odilo, mlinzi wa shule aliyekuwa akichungulia dirishani, hakujizuia. “Huyu mkuu amechanganyikiwa,” alinong’ona. “Kesho shule itabaki na mimi na kengele!”

Kesho yake Prisila aliwahi kuliko siku zote, akasimama barazani na kuhesabu. Walikuja wote kumi na wanne.

Tangu hapo wameondoka wawili tu: mmoja alipata ajira serikalini, mwingine alimfuata mumewe Songea. Wote wawili walifanyiwa chai ya kuagwa. Na mwalimu akipata msiba au mgonjwa, mkuu mwenyewe anashika chaki. Mwezi Machi, mtoto wa Mwalimu Dorika alipougua, Kornelio alifundisha darasa la tatu siku tatu mfululizo. “Nyimbo zake zilikuwa mbaya,” anacheka Dorika, “lakini mtoto wangu alipona nikiwa pembeni yake.”

Mwezi uliopita ilikuwa zamu ya Prisila kujaribiwa. Shule moja binafsi ya kata ya Ramadhani, Njombe mjini, ilimwandikia barua. Hapa analipwa laki nne na ishirini kwa mwezi. Kule wangempa laki sita na nusu. Walitaka jibu ifikapo Ijumaa. Binti yake Lidia anaanza chuo cha uuguzi mwaka huu, na Prisila ndiye baba, ndiye mama.

Aliipeleka barua kwa mkuu akiwa amejiandaa kwa ugomvi. Alikuwa hajaisahau siku ile ya kuomba ruhusa.

Kornelio aliisoma mara mbili. “Hongera, mwalimu,” alisema. “Waombe na nyumba, Njombe kodi ni kubwa.” Kisha akavuta karatasi, akaanza kumwandikia barua ya kumsifu.

“Nililia palepale,” anasema Prisila. “Miaka yote hiyo nilitamani mtu anifungulie mlango. Umefunguka, miguu inakataa kutoka!”

Alijadiliana na Lidia siku mbili. Wakakubaliana kwamba watapanua shamba lao la viazi, na binti ataomba mkopo wa chuo.

Sasa anasoma stashahada wakati wa likizo, na amekabidhiwa kuwalea walimu wapya. Mpango wake ni kuwafikisha hawa thelathini na wanne mwisho wa shule ya msingi wakiwa na walimu wanaowajua kwa majina.

Ijumaa ile, wakati wa mapumziko, aliipigia simu ile shule ya Ramadhani, akashukuru na kukataa. Mama aliyepokea simu alishangaa.

“Wamekuongezea shilingi ngapi?”

“Hata senti.”

“Sasa wamekufanyia nini, mwalimu?”

Prisila alitazama watoto waliokuwa wakikimbizana uwanjani.

“Wameniambia naweza kwenda,” alijibu.