Mkono wa Bwana Yangu Unavuta Mahali pa Kusukuma

Mhariri, tafadhali ficha jina langu na jina la shamba. Ukitaja hata mto tunaochota maji, watu wa huku watanijua.

Mimi ni mama wa miaka ishirini na sita, mchuna chai upande wa Kericho. Tunaishi kwenye laini za kampuni, zile nyumba za wafanyakazi, na tuna mtoto mmoja, Chebet. Bwana yangu ni dereva wa trekta tangu nimjue. Mwaka huu wakubwa walisema ndege ya kumwaga mbolea haiwezi kuendeshwa na mzungu siku zote na sisi tuko na Uhuru, wakamchagua yeye afundishwe. Kanisani walimwekea mikono wakamwombea. Mimi nilitembea shingo ikiwa juu, siwafichi.

Lakini ndege ina kazi nyingi, na masomo ya angani ni machache. Kwa hivyo akaamua kujitengenezea ndege ya mazoezi hapa nyumbani. Msicheke. Ni benchi, ubao mbele yake, na vyuma tulivyovichagua pamoja Sotik siku ya soko, kwa fundi anayeuza vipande vya magari yaliyokufa. Kwa usukani kulikuwa na duara la gari na usukani wa baiskeli. Nikamwambia achukue wa baiskeli, kwa sababu alishanieleza kwamba usukani wa ndege hauzungushwi tu: ukiuvuta ndege inapanda, ukiusukuma inashuka. Ule wa baiskeli tungeufunga kwenye bomba linaloingia na kutoka. Hapo hatukukosea.

Tulikosea kwa mkono wa mafuta, ule wa kuongeza na kupunguza nguvu ya injini. Fundi alitoa viwili: kifundo cha lori cha kusukuma na kuvuta, kimeliwa na kutu, na mkono wa trekta, mzima kabisa. Baba Chebet akaushika ule wa trekta akatabasamu. "Huu tunajuana," akasema. "Kiganja changu hakitaanza darasa la kwanza tena." Mimi nikakubali, maana nani ataacha kitu kizima akabebe kutu?

Basi kila jioni kabla sijaweka sufuria motoni, yeye anakaa kwenye benchi, mimi kwenye kitanda najifanya mwalimu. Nasema, "Mlima uko mbele, Baba Chebet." Yeye anavuta usukani kwa kushoto, anavuta mafuta kwa kulia, mikono yote miwili inakuja kifuani. Nami namsifu. Mungu wangu, nilikuwa namsifu.

Siku moja akarudi kutoka uwanja wa ndege akakaa kitandani na viatu vya matope, kitu ambacho hafanyi. Akaniambia yeye na yule mzungu anayemfundisha walikuwa wanashuka, upepo ukaipiga ndege ikazama, naye akashtuka. Akavuta vyote viwili. Injini ikanyamaza na majani ya chai yakaanza kuja juu. Ni mwalimu aliyeupiga mkono wake na kusukuma kifundo cha mafuta ndani. Ndege hiyo, wasomaji, ni kinyume cha trekta. Trekta ukivuta inapata nguvu. Ndege ukivuta unaiua.

"Mwalimu alisema nini?" nikamwuliza.

"Aliuliza mkono wangu una shida gani. Nikasema ni jasho, umeteleza. Akaamini." Halafu akasema polepole, "Kichwa kinajua ni kusukuma. Hata sasa ukiniuliza nitakujibu. Lakini nikishtuka, mkono unarudi kwa trekta."

Tukafungua ule mkono wa trekta tukaugeuza, nguvu ije kwa kusukuma. Haijasaidia, kwa sababu akifanya mazoezi jioni, asubuhi anapanda trekta tena kutwa nzima na kiganja kinasahau. Jumapili iliyopita, akiwa ametulia kwenye benchi, niliangusha sufuria tupu nyuma yake makusudi. Akavuta. Akautazama ule mkono wake, kisha akacheka, akasema huko juu hakuna mtu wa kuangusha sufuria. Nilitoka nje nikalia nyuma ya jikoni.

Sasa mwalimu amesema yuko tayari kuruka peke yake, mvua ikiacha tu. Nyapara ameahidi kusimamisha uchunaji kidogo ili sote tumtazame. Wenzangu wanaomba jua. Mimi naomba mvua. Ikianza kupiga mabati mchana napata pumzi, najua siku hiyo nitakula na bwana yangu.

Nimemsihi aseme ukweli aongezewe masomo. Akaniambia, "Mama Chebet, kuna mwingine wa shamba jirani anangojea hii nafasi. Nikisema mkono wangu haujui, nimerudi kwa trekta mpaka nizeeke, na wote waliosimama kanisani watanionea huruma. Ukienda kwa mzungu, usinipikie tena." Ni mtu mpole. Hajawahi kuniambia neno kama hilo, na najua hakuwa akitania.

Na huyo mwalimu namwona karibu kila jioni tukipima majani. Anasimama na kusema, "Habari, mama? Bwana yako ni mtu wa maana." Nafungua mdomo. Linalotoka ni "Nzuri, bwana," na yeye anaenda zake. Mimi nasukuma kikapu changu kwenye mizani.

Juzi mvua haikunyesha. Jana pia. Leo asubuhi Baba Chebet ameniuliza nitakuwa nachuna upande gani, ili apite juu yetu nimwone. Nimemwonyesha kwa kidole.

Nikisema, nitakaa na mwanaume ambaye hatanisamehe, kama atakubali nikae. Ninyi mko mbali na hofu hii, mnaweza kufikiri vizuri kuliko mimi. Niambieni upesi: nimpoteze akiwa hai, ama ninyamaze, nisimame na wengine kwenye chai, nitazame juu?